Lost in Space na watoto sebuleni: tuingie msimu wa pili, au tusubiri wakue?

BabaWawili, Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Tangu shule zifungwe mwezi huu wa Juni, nimekuwa nikitazama pamoja na wanangu tamthilia ya Lost in Space, ile iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2018, si ile ya zamani ya kati ya 1965 na 1968. Kwa wasioifahamu, ni habari ya familia ya Robinson, yaani baba, mama na watoto watatu, wanaoihama Dunia pamoja na walowezi wengine ili wakaishi kwenye makao mapya huko Alpha Centauri. Safari inaharibika njiani, na chombo chao kidogo, Jupiter 2, kinaangukia kwenye barafu ya sayari wasiyoijua. Wazazi wapo, tena wanajitahidi, lakini wanaoibeba hadithi ni watoto: Judy mwenye miaka 18, aliyekwisha kujifunza udaktari, Penny wa miaka 15, ambaye hakosi la kusema, na Will wa miaka 11, anayekutana msituni na roboti ambaye hakutengenezwa na binadamu, wakawa marafiki.

Nyumbani tunatazama watu watano. Binti yangu ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza, mdogo wake ana miaka 8, na mama yangu mzazi amekuja kutoka kijijini, wilayani Chamwino, baada ya kumaliza kuvuna uwele. Mama hajui Kiingereza, na mdogo anakijua cha darasani tu, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili nasimamisha picha na kueleza. Sehemu moja ambayo haifiki saa nzima hutuchukua karibu saa mbili, na mke wangu ameshaanza kutafuta kazi za jikoni mapema. Mimi nafurahia kupita kiasi, nakiri. Hata hivyo kuna mambo yananikwaza.

Sehemu ya kwanza tu, Judy anazama majini kufuata vifaa ndani ya chombo kilichozama, maji yanaganda na yeye yumo ndani, akiwa hai, macho yakiangaza nyuma ya kioo cha kofia yake. Mdogo alijifunika kitenge cha bibi yake hadi tukio likaisha, kisha kesho yake asubuhi akaniomba turudie palepale. Sijui kama hiyo ni hofu au ni furaha. Binti naye aliniuliza kama hiyo nyota wanayoiendea ipo kweli, na mtu angefikaje. Nikamjibu kwamba ipo, ila ni mbali sana, na nikaona usoni mwake kwamba sijajibu kitu.

Tumemaliza sehemu zote 10 za msimu wa kwanza. Mke wangu anaona tusimame hapo mpaka mdogo akue kidogo. Ninyi mliotazama na watoto, mlifanyaje?

Mwalimu_wa_Fizikia, Kondoa

Ndugu BabaWawili, la mdogo kuogopa nitawaachia wazazi wenzako, mimi nimjibu binti, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko unavyodhani, na bahati nzuri ameliuliza akiwa Dodoma na ameliuliza mwezi Juni.

Alpha Centauri ipo, na mnaweza kuiona leo usiku mkiwa uani kwenu. Tokeni nje kati ya saa mbili na nusu na saa nne usiku, zimeni taa ya nje, mtazame kusini kabisa. Anyooshe mkono mbele, akunje ngumi, apime ngumi tatu na nusu kutoka upeo wa macho kwenda juu. Hapo ataona nyota mbili kali zilizokaribiana. Ya kushoto, inayong'aa zaidi na yenye umanjano kidogo, ndiyo yenyewe. Kiswahili cha vitabuni huiita pia Rijili Kantori. Ya kulia ina weupe wa kibuluu, na ukifuata mstari wa hizo mbili kuelekea kulia unafika kwenye Msalaba wa Kusini. Kinachonifurahisha mimi kila nikitazama tamthilia hii ni kwamba picha zake nyingi zilipigwa upande wa Vancouver, Kanada, na mtu aliyeko Vancouver, au London, hawezi kuiona nyota hiyo hata siku moja, kwa kuwa kwao haichomozi kabisa. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, nayo iko hapo juu ya paa la jirani.

Kuhusu umbali, neno "mbali sana" halimsaidii mtoto, mpe vipimo anavyovijua. Treni ya umeme inayotuleta kutoka Dar es Salaam hukimbia kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, bila kusimama Morogoro wala popote, angefika Mwezini kwa takriban siku 100, jambo ambalo si baya. Kufika Alpha Centauri kungemchukua zaidi ya miaka milioni 29. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde, na hicho nacho, kama kingeelekezwa huko, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000. Nuru ndiyo peke yake inayofika kwa muda wa kueleweka: hutoka kwenye Jua hadi kwetu kwa dakika 8 na kidogo, na kutoka Alpha Centauri kwa miaka 4 na miezi kadhaa. Mwambie binti kwamba nuru atakayoiona leo usiku ilianza safari wakati yeye ndiyo kwanza anaingia darasa la nne, na imekuwa njiani muda wote huo. Wanafunzi wangu hunyamaza nikiwaambia hivyo, na wanafunzi wangu hawanyamazi ovyo.

Waandishi wa tamthilia wanaijua hesabu hii, ndiyo maana walowezi hawaendi kwa injini ya kibinadamu. Umemaliza msimu wa kwanza, kwa hiyo sikuharibii utamu nikisema kwamba injini ile si ya kwao, na kwamba namna walivyoipata ndiyo mzizi wa balaa lote. Nyota yenyewe, kwa kweli, ni nyota tatu zinazokwenda pamoja. Ile ndogo, Proxima, haionekani kwa macho, na mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kwamba ina sayari yenye uzito wa karibu na wa Dunia, ambayo mwaka wake mzima ni siku 11 tu.

Mengine yaliyomo ni nusu kweli, nusu chumvi. Magnesiamu wanayoitafuta ili kuyeyusha barafu huwaka kweli kwa moto mkali mweupe, na maji hayaizimi; kila aliyewahi kuona utepe wake ukichomwa maabara anakumbuka alivyofumba macho. Milio na ngurumo za vyombo angani ni uongo mtupu, kwa sababu sauti haipiti mahali pasipo na hewa. Wale viumbe kama mikunga wanaokunywa mafuta ya chombo hadi tangi kubaki tupu ni wa kubuni, ila mafuta yenyewe ni methani, na methani ndiyo gesi ileile inayotoka kwenye mtambo wa samadi ya ng'ombe na kuchemsha chai. Duniani wapo bakteria wanaoila. Na mwaka 2023 roketi ya kwanza ya methani ilifika kwenye njia ya kuizunguka Dunia, ikirushwa kutoka China. Kama kijijini kwa bibi kuna mtambo wa aina hiyo, mpeleke mdogo akauone. Ataelewa kwamba akina Robinson waliishiwa na kitu ambacho jirani ya bibi anakitengeneza zizini.

Mama_wa_Watatu, Mpwapwa

Nakusalimu, kaka, na nampa pole wifi yangu huko jikoni.

Mimi nilitazama na wanangu watatu mwaka jana, na wa mwisho alikuwa na umri kama wa kwako. Kujifunika kitenge si tatizo. Mtoto anayejifunika anajua mahali pa kujificha, tena yuko ubavuni mwa bibi. Wangu aliyenitia wasiwasi ni yule ambaye hakujifunika, alikaza macho tu, kisha usiku akaja kulala kwetu bila kusema sababu. Nilichofanya ni kumwambia kabla ya tukio jinsi litakavyokwisha. Nilimwambia, "Huyu dada atatoka salama, sasa tutazame anatokaje." Watu wazima hudhani kujua mwisho kunaua utamu, lakini mtoto wa miaka minane anayejua mwisho ndipo anapopata nafasi ya kutazama.

Lililonishinda mimi halikuwa roboti wala barafu. Mtakumbuka kwamba Will, ili aruhusiwe kusafiri, alipaswa kufaulu mtihani, naye alishindwa kwa sababu ya woga. Mama yake, mwanasayansi wa kuheshimika, akatafuta njia ya pembeni, matokeo yakabadilishwa, na mtoto akaondoka na familia pasipo kujua kwamba hakustahili. Wakati huo mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na nyumba nzima ilikuwa inazungumza mtihani. Nikasimamisha picha ili niwaeleze wadogo kilichotokea, nikaeleza vizuri tu, na nilipomaliza yule mkubwa akanigeukia na kuuliza, "Mama, ungekuwa wewe ungenifanyia hivyo?"

Jibu la haraka nilikuwa nalo, kila mzazi analo. Lakini tamthilia ilikuwa imetuonyesha kwamba kumwacha Will maana yake ni kumwacha peke yake kwenye Dunia iliyochafuka hewa, mama na dada zake wakiwa wanaondoka. Nikasema ninahitaji kufikiri. Tulikaa hapo dakika ishirini, rimoti mkononi, watoto wakibishana wenyewe: wa kati akisema mama alikosea, wa mwisho akisema afadhali kukosea kuliko kumwacha, mkubwa kimya. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunachambua mchicha, nilimjibu kwamba nisingebadilisha matokeo, ila nisingeondoka bila yeye. Akasema, "Sawa," akaendelea na mchicha.

Kwa hiyo, kaka, kusimamisha picha ndiko kutazama kwenyewe. Msione haya kuchukua saa mbili.

Mzee_wa_Kikuyu

Naona hapa wote mnaisifu, basi niruhusuni niwe mchungu kidogo. Nimeitazama na wajukuu hadi mwisho, na kuna mambo mawili yaliyonichosha. La kwanza, hatari haziishi: wakitoka kwenye barafu wanaingia kwenye moto, wakitoka kwenye moto mafuta yameliwa, na mafuta yakipatikana sayari yenyewe inaungua. Hadithi za wazee wetu nazo zilikuwa na mazimwi, lakini zimwi lilipewa muda wa kutembea, msikilizaji akapata kumeza mate. La pili, karibu kila mtu mzima ndani yake ni mwongo. Yule anayejiita daktari Smith si daktari na wala si Smith, mama kadanganya mtihani, wakubwa wa safari wameficha walikoipata injini, na watoto ndio wenye akili. Mjukuu wangu alipomaliza msimu wa kwanza alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Nakubali kwamba waongo hao wameigizwa vizuri, hasa yule mama Smith, ambaye ukimwona anamwomba mtu msamaha unajua mfuko wa mtu umeshachunguzwa. Na fundi West na kuku wake ndio watu wawili ninaowaamini mle ndani, nikimhesabu kuku.

Ushauri wangu kwa BabaWawili ni mmoja: acha kutafsiri wewe. Mpe kazi hiyo binti. Yuko kidato cha kwanza, mwaka ambao karibu masomo yote yamemgeukia Kiingereza, na hakuna mwalimu mkali kama bibi anayeuliza, "Kasema nini huyo?"

Mwanachuo_Ipagala

Shikamooni wakubwa. Mimi nilianza kuitazama nikiwa sekondari, msimu wa kwanza ulipotoka Aprili 2018, kwa hiyo nimekua sambamba na Penny, na labda ndiyo maana siwezi kuihukumu kwa haki kama mzee hapo juu. Naomba nieleze yaliyo mbele bila kuharibu.

Msimu wa pili, wa Desemba 2019, una sehemu 10, nao unaanza kwa utulivu ambao Mzee wa Kikuyu angeupenda kama asingekuwa ameshachoka. Imepita miezi saba, wamekwama kando ya bahari ya sayari nyingine, na kwa kukosa nguvu za kuruka wanakifunga chombo chao matanga, kikawa jahazi, wakifuata mahali penye radi nyingi ili wapate umeme. Watoto wadogo wanapenda sana sehemu hiyo. Hakuna kitu kinachowafurahisha kama kuona mashine kubwa ya angani inasukumwa na upepo.

Mwisho wa msimu huo ndio mzito, na hapo ndipo ningemsikiliza mama yao. Watoto 97 wanatenganishwa na wazazi wote, wakiwa na Judy kama nahodha wao. Hakuna damu wala maiti, ila kuna kuagana, na kuagana kwenyewe ni kwa haraka, kama kwa watu wanaoachana kituo cha basi gari likiwa limeshawashwa. Mimi nilikuwa mkubwa na nilitoka nje kupunga hewa. Msimu wa tatu, wa Desemba 2021, una sehemu 8 tu na unafunga hadithi yote, kwa hiyo hamtaachwa njia panda kama inavyotokea kwa tamthilia nyingi zinazokatwa katikati. Mkianza wa pili, panga siku za mwisho wa juma ambazo mnaweza kutazama sehemu mbili za mwisho mfululizo, ili mdogo asilale na swali hilo wiki nzima.

Kwa Mwalimu: asante kwa ile hesabu ya treni. Nimeirudia mara mbili kwenye simu na inatoka.

BabaWawili, Nkuhungu

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, na asanteni nyote.

Juzi saa mbili na nusu usiku umeme ulikatika mtaa mzima, na badala ya kulalamika kama kawaida yetu tulitoka nje na vitenge na makoti, maana mnajua upepo wa Dodoma wa mwezi huu haumhurumii mtu. Binti alinyoosha mkono, akapima ngumi tatu na nusu, na nyota mbili zilikuwa zimekaa pale Mwalimu aliposema, juu kidogo ya tangi la maji la jirani. Nikamwambia habari ya darasa la nne. Hakunyamaza kama wanafunzi wa Kondoa, aliuliza kama basi nyota yenyewe kwa sasa ipo au haipo, nikalazimika kusema kwamba tutajua baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Mdogo alitaka kuona chombo. Alipoona hakipo, akapunga mkono hivyohivyo.

Mama alisikiliza yote, kisha akasema kwamba hizo mbili anazifahamu tangu utoto, ila hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu anataka kwenda kuishi huko. Nyota yake yeye ni Kilimia, ndiyo iliyokuwa ikiwapa habari za kulima, na akatusomea usemi ambao nilikuwa nimeusahau, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watoto wakataka kukiona usiku uleule. Akawaambia sasa hivi hakipo jioni, kinachomoza karibu na kupambazuka, na atakayeamka atakiona. Nilidhani yamekwisha. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango wa uani, nikakuta wote watatu wamesimama wakitazama kaskazini mashariki, mdogo akiwa ndani ya kitenge kilekile cha barafu, bibi akimhesabia vinyota kwa kidole.

Msimu wa pili tumeanza Jumamosi, na mke wangu amerudi sebuleni kwa ajili ya lile jahazi. Nimemweleza mapema habari ya watoto 97, tumekubaliana tutaamua pamoja tukifika sehemu ya nane. Kazi ya kutafsiri nimemkabidhi binti kama mzee alivyoshauri. Anatafsiri kwa ufupi mno kuliko mimi, jambo la dakika tatu analisema kwa maneno sita, na chombo cha angani amekubaliana na bibi yake kukiita "ndege yao". Mdogo ameiga sauti ya roboti, na mbuzi wa jirani akichungulia getini tunasikia "Hatari!" nzito kutoka dirishani. Swali pekee lililomshinda binti mpaka sasa ni la bibi, ambaye tangu amjue yule kuku wa fundi West haulizi tena kama akina Robinson watafika. Anauliza wanamlisha nini.